Imani kwanza au matendo kwanza? Tuifungue hii ishu taratibu

Hii mada ukiigusa popote hapa Dar, kwenye daladala, kwenye foleni ya mwendokasi pale Kimara, msibani watu wakisubiri chai, watu wanagawanyika papo hapo. Kundi la kwanza linakwambia mtu anaokolewa kwa imani tu, matendo hayaongezi kitu, na mistari wanayo. Kundi la pili linasema imani bila matendo imekufa, acheni kutudanganya nyie walokole, Ijumaa mnakesha halafu Jumatatu mnatupunja kwenye mizani, na wao mistari wanayo. Halafu anatokea wa tatu, na mara nyingi ndo mwenye hoja nzito kuliko wote, anasema mimi jirani yangu Mwislamu hasali kwenu wala hamjui mchungaji wenu, lakini ndiye aliyenipelekea mtoto hospitali saa nane za usiku, sasa hiyo imani yenu kazi yake nini?

Maswali yote matatu ni ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba watu wanayajibu kwa pamoja kama vile ni swali moja, ndo maana mjadala unaisha kwa kelele na kila mtu anarudi kwake na alichokuja nacho. Mimi nasema hivi mapema ili ujue ninakoelekea: imani inakuwa msingi wa maisha ya kumpendeza Mungu kwa sababu inagusa kitu ambacho amri peke yake haikifikii, yaani hofu. Hofu ya kukosa, hofu ya kuchekwa, hofu ya kesho itakuwaje. Madhambi mengi ya mji huu ukiyafukua utakuta chini yake kuna mtu anaogopa. Ila hatuwezi kufika huko kabla hatujawapatanisha Paulo na Yakobo, waandishi wawili wa nyaraka za Agano Jipya, maana hapo ndo wengi wanaponasa.

Paulo na Yakobo hawagombani

Paulo anasema kwenye Warumi 3:28 kwamba mwanadamu huhesabiwa haki, yaani anakubaliwa na Mungu kama mwenye haki, kwa imani pasipo matendo ya sheria. Yakobo 2:24 anasema mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake. Ukiziweka pembeni kwa pembeni hivyo, ni kama mmoja amekaa kumjibu mwenzake, na kinachozidi kuchanganya ni kwamba wote wawili shahidi wao ni mmoja, Ibrahimu.

Sasa angalia kila mmoja anamchukua Ibrahimu yupi. Paulo anakwenda Mwanzo 15:6, usiku ule Mungu anamtoa nje mzee asiye na mtoto, anamwambia hesabu nyota, uzao wako utakuwa hivyo, na Ibrahimu akaamini, ikahesabiwa kwake kuwa haki. Hapo hajatahiriwa, sheria ya Musa bado karne nyingi, hajafanya lolote la kujivunia. Yakobo naye mstari huo huo anautaja, lakini anaanzia Mwanzo 22, mlimani, kisu mkononi, Isaka juu ya kuni. Kati ya matukio hayo mawili kuna muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Biblia inasema Ibrahimu alitoka Harani ana miaka 75, Ishmaeli akazaliwa Ibrahimu ana 86, Isaka akazaliwa mzee ana 100, na Isaka wa mlimani tayari ni kijana wa kubeba kuni mgongoni kupanda nazo. Habari ya nyota ilitokea kabla ya Ishmaeli, kwa hiyo tunaongelea zaidi ya miaka ishirini hivi.

Kwa hiyo Paulo anauliza mtu anaingiaje kwa Mungu, anaingia na nini mkononi? Jibu, mikono mitupu, anapokea ahadi tu. Yakobo anauliza lingine, miaka ishirini baadaye ile imani ya usiku wa nyota iko wapi, tunaionaje? Na huyo anayebishana na Yakobo imani yake ni ya aina gani, maana Yakobo anamwambia waamini kwamba Mungu ni mmoja, vizuri, mashetani nao waamini na kutetemeka. Yaani ni kukubali taarifa. Shetani taarifa zote anazo na mtihani wa dini angepata alama za juu. Paulo anaposema imani haongelei hiyo, anaongelea kumtegemea mtu, kujiachia kwa aliyekuahidi, na yeye mwenyewe kwenye Wagalatia 5:6 anaiita imani itendayo kazi kwa upendo. Mtu anayesema Paulo alifundisha ukiamini ishi utakavyo hajafika Warumi sura ya 6, ambako swali hilo hilo linaulizwa, tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? na jibu ni neno moja: Hasha!

Kihistoria huu ugomvi ulichoma watu kweli. Martin Luther, ambaye Walutheri wana jina lake, mwaka 1522, kwenye dibaji ya Agano Jipya la Kijerumani, aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, kauli ambayo kwenye matoleo ya baadaye haikuwemo. Wakatoliki nao kwenye Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1547, wakatoa tamko lao kali kuhusu kuhesabiwa haki, wakalaani mafundisho kadhaa ya upande wa pili. Ikapita miaka zaidi ya mia nne na hamsini. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani wakasaini tamko la pamoja, na kiini chake ni kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu yoyote, na tunapokea Roho Mtakatifu anayefanya upya mioyo yetu na kutuita tutende mema. Wamethodisti wakajiunga 2006, makanisa ya Kirefomu 2017. Kwa hiyo ukiwa pale Posta karibu na bandari, Azania Front ya Walutheri na Mtakatifu Yosefu ya Wakatoliki zikiwa jirani kabisa, ujue kwenye jambo hili wakubwa wao walishakaa mezani. Tunaoendelea kutukanana kwenye makundi ya WhatsApp ni sisi huku chini.

Bahari kwanza, amri baadaye

Kuna jambo dogo linarukwa sana na ndilo linafungua mambo. Amri kumi hazianzi na usi-. Kutoka 20:2 inaanza, "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Ndo zinafuata usiwe na miungu mingine, usiue, usiibe. Na ukirudi nyuma, bahari iligawanyika sura ya 14, amri zimekuja sura ya 20. Musa hakwenda Misri na orodha akawaambia wakifaulu hizi kumi ndo wavuke. Walivushwa kwanza wakiwa vile vile walivyo, wenye kunung'unika, halafu wakaambiwa sasa ninyi ni watu wangu, watu wangu wanaishi hivi.

Mahubiri mengi tunayoyasikia yamegeuza huo mpangilio, acha pombe, acha kusengenya, acha hiki na kile, ukishanyooka njoo Mungu atakupokea. Matokeo yake ni watu wa aina mbili. Kuna anayejitahidi akafaulu kidogo, huyo anakuwa na kiburi, anaanza kuwapima wenzake urefu wa sketi. Na kuna anayejitahidi akashindwa, huyo anaacha kabisa kuja kanisani, ukimuuliza anakwambia ngoja kwanza nijipange. Hatajipanga milele, maana alichoambiwa ajipangie ndicho alichotakiwa kupewa. Waefeso 2 ipo wazi kabisa, mstari wa 8 na 9 mmeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu, halafu mstari wa 10 unaoachwaga na wahubiri, tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Matendo yapo, sema yapo mstari wa kumi.

Na ule mfano wa Yesu wa nyumba mbili, Mathayo 7, nao husomwa haraka haraka. Sisi wa Dar tungeuelewa kuliko watu wengi duniani, maana kila masika tunaona Jangwani na bonde la Msimbazi kunavyofurika. Kiangazi nyumba ya bondeni na ya kule juu huwezi kuzitofautisha, bati lile lile, rangi ile ile, pengine ya bondeni ina tiles nzuri zaidi. Na mvua haikwepi nyumba ya mwenye haki, Yesu anasema zote mbili zilinyeshewa, zote zilipigwa na pepo. Na wajenzi wote wawili waliyasikia maneno yake! Tofauti ni kuyafanya. Ndiyo maana mtu asiseme msingi ni imani halafu akamaanisha kuhudhuria na kusema amina. Paulo anasema msingi ni Kristo mwenyewe, hakuna mwingine, 1 Wakorintho 3:11. Ukimwamini utaweka uzito wako juu yake, na kuweka uzito ndo huko kufanya alichosema.

Hofu ndo inayotushika mashati

Haya, tuje sokoni. Chukua lumbesa, wote tunaijua, gunia la viazi au vitunguu linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu linavishwa kichwa kingine kinachoshonwa kwa kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, kila mtu anajua inakataza, na gari linaingia mjini alfajiri na lumbesa zake. Sasa mwenye mzigo anaweza kuwa mzee wa kanisa, mtu wa heshima, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, na ukimuuliza kwa upole kuhusu hizo gunia hatakwambia kwamba wizi ni mzuri. Atakwambia, "Mwanangu, mimi nikifunga gunia la halali hawa wenzangu wananimaliza, watoto wangu watakula nini?"

Isikilize hiyo sentensi vizuri. Amri anaijua. Kama ni Mlutheri alikariri katekisimu ndogo ya Luther, kile kijitabu cha mafundisho cha mwaka 1529, akiwa darasa la kipaimara, na maelezo ya amri ya saba mle ndani hayaishii kwenye kuingia ndani ya nyumba ya mtu, yanataja wazi kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa mbovu na biashara ya hila, na yanaongeza umsaidie jirani mali yake iongezeke. (Wengine mnaihesabu ni amri ya nane, hesabu zinatofautiana, amri ni ile ile.) Kwa hiyo kumhubiria tena usiibe, usiibe, ni kumwambia anachokijua. Ambacho hajakiamini ni kwamba kuna anayemlisha zaidi ya gunia. Swali lake, watoto watakula nini, ni swali la imani kabisa, na Yesu alilijibu neno kwa neno kwenye Mathayo 6, msisumbuke mkisema tule nini, tunywe nini, Baba yenu anajua.

Nabii Amosi aliwaona watu wa hivi karne nyingi kabla ya Kristo. Sura ya 8 mstari wa 5 wamekaa kwenye ibada wanahesabu dakika, sabato itaisha lini tufungue ngano, tupunguze kipimo, tuongeze bei, tucheze na mizani. Ibada hawakosi. Na mwili upo ibadani kweli, sema roho ipo Kariakoo inafungua duka.

Sasa tazama Waebrania 13:5 inavyofanya kazi, kwangu huu ni mmoja wa mistari inayoeleza utaratibu wote kwa kifupi: "Msiwe na tabia ya kupenda fedha, mwe radhi na vitu mlivyo navyo, kwa kuwa yeye mwenyewe amesema, Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Amri ipo, lakini imesimama juu ya "kwa kuwa". Toa ile ahadi, inabaki amri inayoning'inia, ambayo utaishika siku una hela na utaiachia siku huna.

Mfano mwingine wa karibu zaidi. Simu inatetemeka, meseji, umepokea Tsh 180,000 kutoka kwa jina usilolijua. Kodi ya chumba mwenye nyumba ameshaulizia, gesi imeisha, mtoto karudishwa shule kwa mchango. Dakika mbili baadaye simu inaita, sauti ya mama mtu mzima, "Samahani mwanangu, nimekosea tarakimu moja, hiyo hela ni ya dawa ya baba." (Angalia salio kwanza, matapeli nao mchezo wao ndo huu, na njia salama ni kuuachia mtandao wenyewe uurudishe muamala.) Lakini tuseme salio umeliona na hela ipo kweli. Wakala yuko hatua kumi kutoka mlangoni, ukitoa sasa hivi na kuzima laini yameisha. Katika zile dakika, kinachokupigania ndani si ubaya, wewe si mtu mbaya, ni lile lihesabu la kodi. Mtu anayeogopa kugundulika atarudisha kama kuna uwezekano wa kugundulika. Anayeamini kwamba Baba yake anaijua kodi yake anaweza kuiacha ile hela ipite, bado ana tatizo la kodi, tena kubwa, lakini haimwongozi tena mikono.

Na hii hofu haipo kwenye hela tu. Kuna Mkristo wa miaka yote mwenye kitu kimefukiwa chini ya kizingiti cha duka kwa sababu ya majirani wenye jicho. Kuna binti anayekubali asichokitaka kwa sababu anaogopa kuachwa na umri unakwenda. Kuna mfanyakazi anasaini karatasi anayojua ina uongo kwa sababu bosi amemwangalia vibaya. Ukiwaambia hawa watatu acheni dhambi watakubaliana na wewe, watalia hata, na kesho wataendelea, kwa sababu hofu iko pale pale.

Mpaka Ibrahimu, mpaka Petro

Asije mtu akasema basi akiamini siku moja hofu inakatika yote. Ibrahimu huyo huyo baba wa imani alidanganya mara mbili kuhusu mkewe, Misri kwenye sura ya 12 na Gerari sura ya 20, alisema ni dada yangu, na sababu aliitaja mwenyewe, wataniua kwa ajili ya mke wangu. Ile ya Gerari ni baada ya usiku wa nyota! Mtu ameshahesabiwa haki na bado anamtoa mkewe sadaka ili apone yeye. Halafu sura mbili mbele tunamkuta mlimani. Imani yake ilikuwa ya kweli siku zote, ila ilikuwa inafika sehemu moja moja ya maisha yake.

Petro ndo kabisa. Tunakumbuka alivyomkana Bwana mbele ya kijakazi, lakini kuna ya Antiokia iliyoandikwa Wagalatia 2, miaka mingi baada ya Pentekoste. Petro alikuwa anakula na Wakristo wasio Wayahudi bila shida, wakaja watu kutoka kwa Yakobo, akaanza kujivuta pembeni, na Paulo anataja sababu waziwazi, aliwaogopa wale wa tohara, yaani Wayahudi. Hofu tena. Na ona Paulo anavyomshughulikia mbele ya watu wote. Hamwambii Petro huna adabu, ubaguzi ni mbaya. Anamwambia mwenendo huu haulingani na kweli ya injili, na hapo hapo, mstari wa 16, anatamka kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria bali kwa imani ya Yesu Kristo. Yaani fundisho kubwa lililogawanya Ulaya limeandikwa hapo katikati ya ugomvi wa nani akae na nani kwenye chakula! Kama sote tumepokelewa mikono mitupu, huna pa kusimama ukajitenga na sahani ya mwenzio.

Jambo hili lilirudi tena na lilifika hapa hapa Dar es Salaam. Afrika Kusini, mwaka 1857, sinodi ya kanisa la Kirefomu la Kiholanzi kule Cape iliruhusu weupe na weusi wawe na ibada tofauti, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, ndivyo walivyosema, na kilichoanza kama kuwahurumia wanaoona kinyaa kikaja kuwa makanisa kamili ya rangi rangi. Juni 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa sita hapa Dar, mkutano ule ule uliomchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Mkutano ukatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini si suala la siasa ambalo Wakristo wanaweza kutofautiana wakabaki salama, ni suala la kuikiri imani yenyewe. Mwaka 1984 kule Budapest makanisa mawili ya weupe ya kusini mwa Afrika yakasimamishwa uanachama. Watu wanaosema imani ni mambo ya moyoni tu, tusichanganye na maisha, hoja hiyo ilishajibiwa kwenye mji wao wenyewe.

Na jirani Mwislamu je?

Nirudi kwa yule ndugu wa tatu. Kwanza, jirani yako amefanya jambo jema, mshukuru, mpelekee pilau Krismasi na yeye atakuletea futari, ndivyo tunavyoishi. Biblia haisemi popote kwamba asiye Mkristo hawezi kutenda wema. Warumi 2:14 na 15 inasema watu wasio na sheria hufanya kwa tabia yao yaliyo katika sheria, imeandikwa mioyoni mwao. Na Yesu alipotaka mfano wa mtu anayempenda jirani alimchukua Msamaria, mtu wa dini ambayo wasikilizaji wake waliidharau, akawapitisha kuhani na Mlawi pembeni ya majeruhi. Hiyo stori ni kofi kwa watu wa kanisani kabla haijawa pongezi kwa mwingine yeyote.

Kinachodaiwa na Ukristo ni kitu kingine. Maisha ya utauwa, yaani ya kumcha Mungu, ni wema, ndiyo, lakini ni wema unaomhusu Mungu, anayefanya anajua anamfanyia nani na amepokea nini kabla. Tito 2:11 na 12 inasema neema ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya tuishi kwa kiasi, haki na utauwa. Kwa hiyo hatusemi sisi ni wazuri kuliko jirani. Mara nyingi sio, na akitusema ana haki. Tunasema wema wetu, mdogo ulivyo, una chanzo chake, na ukikauka tunajua pa kurudi.

Hapo pia niguse kidogo ile imani ya kuuziwa, maana huwezi kuongelea imani Dar ukairuka. Mafuta ya upako, maji, panda mbegu ya laki upokee milioni. Hii inajiita imani lakini hofu ya kukosa iko pale pale, imepewa tu kinywa cha Kikristo, na Mungu amegeuzwa njia ya kupata hela. Wale vijana watatu wa Danieli 3 walimwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa na tanuru, halafu wakaongeza, bali kama si hivyo, bado hatuisujudii sanamu yako. Hayo maneno hayauziki, hakuna chupa utakayoyabandika.

Mtu aanzie wapi

2 Petro 1:5 inasema katika imani yenu tieni na wema, na katika wema maarifa, kisha kiasi, saburi, utauwa, upendano wa ndugu, upendo. Imani iko mwanzo na vingine vinatiwa ndani yake, na anasema mkijitahidi, kwa hiyo uvivu haumo. Neno, sala, meza ya Bwana, jumuiya ya nyumba kwa nyumba, hivyo ndivyo imani inavyolishwa, hapa hakuna jipya na sitakaa sana. Yule baba wa Marko 9 alisema naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, na mwanawe akaponywa siku hiyo hiyo, kwa hiyo usisubiri imani iwe kubwa.

Ila lipo moja ambalo siku hizi halihubiriwi sana, kurudisha. Wale walokole wa ule uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, kwenye miaka ya 1930 na kusambaa Uganda, Bukoba mpaka Kenya, walijulikana kwa wimbo wao wa Tukutendereza na pia kwa kupeleka vitu walivyoiba kwa wenyewe. Mtu anaokoka leo, kesho anabisha hodi na jembe la watu. Sheria ya Musa, Hesabu 5:7, iliagiza mkosaji arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, akajipandishia mwenyewe hadi mara nne, kiwango cha mwizi wa kondoo cha Kutoka 22. Angalia tu mfuatano, Yesu alishamwita kwa jina, alishamwambia leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, watu nje wananung'unika, ndo Zakayo anasimama kusema habari ya hela. Hakulipa ili atembelewe.

Kwa hiyo kama kuna kitu cha mtu ndani kwako, kuna chenji ya Mangi iliyozidi ukanyamaza, kuna mkopo wa kikoba unaoukwepa mpaka umebadilisha laini, kipeleke. Kama hela haitoshi nenda na uliyonayo, panga tarehe ya iliyobaki. Jiandae pia kwamba hawatakuelewa, mwingine atacheka, mwingine atakuita tapeli na kudai na riba, mwenyekiti wa kikoba anaweza akakusema mbele ya kina mama wote. Utamwachia hela yake hivyo hivyo, udai akuandikie kwenye daftari.